Behewa la Kimya

Torunn ndiye aliyekata tiketi, na behewa la kimya alilichagua makusudi. Humo husemi, hupigi simu, hucheki. Kutoka kijijini kwao Ål mpaka mjini Bergen baba yake asingemuuliza kitu, naye asingelazimika kujibu.

Mzee Ingvald alijua wanakwenda kutembea tu, Jumapili arudi. Paka kamwachia jirani. Asubuhi ile, gari likisubiri nje, alipiga magoti mbele ya jiko la kuni, akatandika magome makavu na kuni juu yake, ili akirudi iwe kuwasha kiberiti tu. Torunn alimtazama kutoka mlangoni. Hakukuwa na Jumapili. Tangu mzee asahau sufuria motoni mpaka pazia likashika moto, yeye na Sjur, mdogo wake, walikuwa wamemtafutia chumba katika makao ya wazee huko Bergen.

"Dada, mwambie wewe," Sjur alimnong'oneza. "Mimi ataniona mtoto."

"Nitamwambia njiani."

Njia ikawa inakwisha. Milima ilipita, myeupe, mizito. Mzee akafungua mkate wake wa jibini ya kahawia, akainama kwa Sjur.

"Hii ni treni au matanga?"

Mama mmoja upande wa pili akakohoa, akaonyesha tangazo dirishani. Sjur akauma mdomo asicheke.

Kituo cha Finse, juu milimani, treni ilisimama, wavutaji sigara wakashuka. Mzee naye akashuka, bila kofia. Torunn akamfuata kwenye theluji.

"Haya, sema," mzee akamwambia. "Tangu Ål unanitazama kama daktari."

"Si kitu, baba. Umechoka?"

"Nimechoka kunyamaza. Nimekula ujana wangu chumba cha mitambo melini, kelele za kutoboa masikio, na huko tuliongea kuliko humu ulimonitia."

Upepo ulimchapa Torunn usoni. "Baba, kuhusu Jumapili..."

"Jumapili tusichelewe. Yule paka ana kinyongo."

Sentensi moja tu ingetosha. Torunn aliishika ulimini, ikamwunguza, akaimeza. Kondakta akapuliza filimbi.

"Tuingie," akasema. "Utapata mafua."

Bergen mvua ilikuwa ikinyesha, kama kawaida yake. Mzee alitaka waanzie sokoni kwa samaki, lakini teksi ikapanda mlima, ikasimama mbele ya jengo la matofali. Muuguzi kijana akafungua mlango, akitabasamu.

"Karibu, Ingvald. Chumba chako kipo tayari. Kinatazama bandari."

Mzee akatazama begi lake dogo, lenye mashati mawili. Akamtazama Sjur, na Sjur akatazama viatu vyake mwenyewe. Kisha mzee akamgeukia Torunn.

"Pale Finse nilikuuliza."

"Ndiyo, baba. Uliniuliza."

Hakufoka. Heri angefoka. Aliingia chumbani, akaketi kitandani na koti lake mwilini, macho yakienda kwenye winchi za bandarini na meli moja iliyokuwa ikifungua kamba.

"Atakayehamia kwangu," akasema bila kugeuka, "mwambieni kuni nimeshapanga. Kiberiti kipo dirishani."

Torunn akasogea aketi kando yake. Mzee akalinyanyua lile begi na kuliweka pale pale alipotaka kuketi.