Shada la Mlangoni kwa Winifrida

Jumapili ya kwanza ya Oktoba, baada ya ibada, Winifrida aliketi sakafuni jikoni kwake Hässelby, pembeni mwa Stockholm, akaikunjua hanga ya waya ya kutundikia nguo, kisha akaikunja upya iwe duara. Mezani aliweka matunda madogo mekundu aliyochuma nyuma ya kituo cha treni, matawi ya mwaloni yenye majani ya rangi ya kutu, na mmea wa rangi ya zambarau ambao Waswidi huununua kila majani yakianza kupukutika, kana kwamba wameamriwa. Mwenzake wa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ndiye aliyemfundisha kutengeneza shada: unafunga kifungu kimoja kimoja kwenye waya, vyote vielekee upande mmoja, na kila kifungu kipya kifiche vikonyo vya kile kilichotangulia.

Winifrida hakuwa mtu wa mapambo. Ila Februari alilala na homa siku nne, peke yake, na simu iliita mara moja tu, kumkumbusha miadi ya daktari wa meno. Tangu siku hizo alikuwa na hofu, wala hakujidanganya kuhusu hofu yenyewe: nikianguka bafuni, atajua nani? Miaka kumi na miwili katika jengo lile, na majirani bado walisubiri lifti iende kwanza ndipo watoke milangoni mwao. Akaona mlango wenye shada ungeonyesha angalau kwamba humu ndani kuna mtu.

Likatoka zuri kweli. Akalitundika, akalipiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa bila neno lolote. Hapo ndipo alipokosea. Kwao Bukoba, na kwa Warundi wa kundi lile vilevile, shada la duara lina kazi moja tu.

Saa kumi na moja jioni lifti ilifunguka. Alitangulia Laurence, kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye wote walimwita Mama Kelly kwa jina la bintiye, amejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Nyuma yake mumewe Zénon, dereva wa basi, na mfuko wa mchele begani. Wengine kama kumi walipanda kwa ngazi, na sukari, chupa za chai na viti vya kukunja. Walikuwa wanaimba tangu ghorofa ya kwanza.

"Pole sana, dada," Laurence alisema, akamkumbatia. "Ni nani ametutoka? Ni mama?"

"Mama ni mzima. Nimeongea naye jana."

"Sasa ni nani?"

"Hakuna, Mama Kelly. Ni pambo tu la msimu. Waswidi ndivyo wanavyofanya."

Zénon akautua mfuko, akalitazama shada. "Dada, hii ni ya matanga," alisema kwa upole, kama anavyomweleza abiria kwamba amepanda basi silo. "Na mchele tumeshapandisha."

Walikuwa bado wanabishana pale nje, nusu wakicheka, mlango wa jirani ulipofunguka. Akatoka mzee Sundell, mrefu, amevaa sweta na soksi, vumbi limemtanda mabegani. Aliomba radhi kwa kuwaingilia.

"Nimesikia nyimbo," alisema kwa Kiswidi. "Nikadhani huenda ni kwa ajili yangu."

"Kwani umefanyaje?" Winifrida aliuliza.

"Nilikufa. Machi, mwaka juzi. Nilikuwa kwenye kiti, natazama mashindano ya theluji." Akafikiri kidogo. "Nilisubiri mtu aje. Lakini kodi inajilipa yenyewe benki, na mimi sikuwahi kuwa na kelele."

Laurence alimshika mkono, akaukuta baridi na mwepesi.

"Ni kweli," aliwaambia wenzake kwa Kiswahili. "Huyu ameshafariki. Tuingie."

Wakaingia kwa Sundell. Barua zilikuwa zimerundikana nyuma ya mlango hadi magotini. Zénon akazisogeza kwa mguu. Wakafungua madirisha, wakapanga viti, wakapika wali katika sufuria ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha dukani. Mzee akaketishwa mbele, maana marehemu hukaa mbele. Ulipofika wakati wa wasifu, Laurence alimuuliza mwenyewe. Alizaliwa Södertälje, alikuwa fundi wa lifti, hakuacha mtu. Akina mama wakalia, na walilia kweli, kwa sababu kutoacha mtu ni jambo la kuliza. Sundell akavua miwani akaifuta. Hakula, ila aliomba sahani ya wali iwekwe karibu naye apate harufu.

Wageni walipoanza kukusanya viti, aliuliza kwa aibu kama lile shada lina mwenyewe. Winifrida akalitoa kwake, akalitundika mlangoni kwa mzee.

Kesho yake alipiga simu kwenye kampuni ya nyumba, kisha kwenye ofisi inayoandikisha watu. Simu yake ilihamishwa mara tano. Mwanamke wa mwisho, mwenye sauti njema, alieleza kwamba kwenye kompyuta Sundell yu hai, na taarifa ya kifo huletwa na daktari au ndugu. Sundell alichukua simu, akasema mwenyewe kwamba amekufa. Mwanamke alimshukuru kwa kupiga, akamwomba aje na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimekwisha muda. Alikwenda kuomba kipya, akakaa mbele ya kamera mara tatu, na mara zote tatu picha ilionyesha kiti.

Novemba kampuni ya nyumba ilimletea barua yenye maua pembeni, ikimpongeza kwa kuwa mpangaji mtulivu kuliko wote katika jengo. Akaibandika kwenye friji.

Winifrida alijitengenezea shada jingine, na siku hizi anaishi kwa raha. Kila asubuhi, kabla Winifrida hajaenda kazini, Sundell hugonga ukuta mara mbili, naye hujibu mara mbili. Jumamosi moja alipitiwa na usingizi, hakujibu. Haikupita dakika, mzee alikuwa mlangoni na soksi zake.

"Upo?"

"Nipo, mzee. Nimelala tu."

"Sawa. Nilitaka tu kujua."

Akarudi kwake, akaufunga mlango polepole, asiwasumbue majirani.