Wimbo wa Kisimani

Mume wangu Kerrow ana sauti mbovu. Nasema waziwazi, Mungu anisamehe.

Mwaka ule wa ndui, mwanetu Nunow, kijana wa miaka kumi na sita, alitengwa ndani ya boma la miiba karibu na visima vya Wajir. Mimi niliugua ndui utotoni na makovu ninayo, kwa hiyo niliingia kumuuguza. Baba yake alibaki nje. Ndui ikapita, magamba yakadondoka, wazee wakasema aoge atoke. Nunow akagoma.

"Hooyo, mama yangu, nitatokaje na uso huu?" aliniuliza, akiyasukuma maziwa kando.

"Baba yako alitoa ngamia wa mahari kwa uso kama huo, mjinga wewe!"

Hakucheka. Alizidi kukonda, nami nikaogopa kuliko nilivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Majirani walitaka aburutwe nje. Kerrow alikataa katakata. "Mwanangu si mbuzi," alisema.

Siku ya kunywesha mifugo, nami nikiwa nimetoka bomani, Kerrow alishika kazi ya Nunow ya kuongoza wimbo kisimani. Kwetu ngamia huitwa waje kunywa maji kwa wimbo wa nyumba yao, kila mmoja kwa jina lake, wakubwa kwanza. Kerrow alianza na ndama! Akampa Gududa, ngamia mkubwa kuliko wote, sifa za mwenzake Adey. Alivuruga kila kitu, tena kwa kelele, uso kauelekeza bomani. Ngamia wakaduwaa. Wachota maji wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilidhani hofu imemchanganya akili, nikatamani ardhi inimeze.

Mara sauti kavu ikatoka miibani. "Aabo, si hivyo! Gududa ndiye wa kwanza!"

"Nisaidie basi, mwanangu. Wana kiu."

Kisha Nunow akaanza kuimba, sauti ikikwaruza. Gududa akageuza shingo, akaenda zake bomani kwa mwenye wimbo, na kundi lote likamfuata. Kisima wakakipa mgongo.

Ilibidi awarudishe. Alivuta miiba kwa mikono yake mwenyewe, akatoka uso wazi mbele ya watu wote, akawaongoza majini huku akiimba, na wachota maji wakamwitikia kwa nguvu. Wallahi, nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Jioni alimaliza kibuyu kizima cha maziwa, akaomba kingine.

"Kweli uliusahau wimbo?" nilimuuliza Kerrow, aliyekuwa akilia bila haya.

"Arbia," alisema, "mimi ndiye niliyemfundisha."