Meza ya Kumenyea Kamba

Balaa la kukosa kazi lilianzia bandarini. Ilipoletwa mitambo mipya ya kupakua makontena, makuli walirudishwa nyumbani, mume wa Wifi akiwa mmoja wao. Kisha hoteli ya ufukweni ikafunga milango, na kaka yake Wifi, mwosha vyombo, naye akarudi. Mtaa mzima wanaume wakawa vibarazani mchana kweupe, wanasukuma kete za drafti kana kwamba ndizo zitakazowalisha. Nyumba zikabaki mikononi mwa wanawake wa kiwandani, wanaomenya kamba wa kuuzwa nje.

Jina Wifi alipewa na mke wa kaka yake, meza nzima ikalidaka. Huyo mke wa kaka naye walimwita Cherehani, kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda.

Jioni moja msimamizi akasimama mbele yao. "Oda zimepungua, mama zangu. Kesho tunapima mabeseni. Nusu yenu mtabaki, wale wenye mabeseni mazito."

Wifi alikitazama kidole chake. Kilichomwa na mwiba wa kamba, kikavimba kama kitumbua. Usiku alikikanda kwa maji ya chumvi. Wapi!

Asubuhi kamba wakamwagwa mezani pamoja na barafu yao. Wifi akamenya mmoja, machozi yakamlenga. Cherehani alimtupia jicho, halafu akapaza sauti:

"Kitendawili!"

"Tega!"

Meza ile ilikuwa na desturi yake. Barafu ikishaua vidole, mmoja hutega, na wote huficha mikono kwapani ipate joto mpaka jibu lipatikane. Kwa kawaida halikawii.

"Kavaa mifupa juu, nyama kaificha ndani."

Hata mtoto angesema kamba. Mama mmoja akakohoa. "Mh! Labda mwavuli?"

"Mwavuli una nyama, wewe?"

"Basi kabati!"

Ndipo Wifi akaelewa. Walikuwa wanamsubiri, yeye amenye wao wakiwa wameficha mikono. Kila wenzake walipoanza kumpita, kitendawili kingine kilitegwa, na wanawake wenye akili zao wakakisia vyungu, viatu na matairi. Cherehani, ambaye angelijaza beseni lake hadi likamwagika, alikaa mikono kwapani, akijua nyumbani mumewe hana senti.

"Wifi, usijiponze kwa ajili yangu," Wifi alimnong'oneza Cherehani.

"Nani kakutaja? Menya, bibi wee!"

Msimamizi alipima beseni la kwanza, la pili, akaipiga mizani kofi. Yote sawa.

"Mmenifanyia njama!"

"Tumefanya kazi, bosi," alisema Cherehani.

"Basi nitawafukuza wote."

"Na meli ikija, kamba utamenya wewe na mkeo? Tugawe. Nusu wiki hii, nusu wiki ijayo. Mtu aende nyumbani kwa zamu, asiende moja kwa moja."

Wifi alimtazama Cherehani. Mwenye vidole vile anaweza kuajiriwa popote. Mbona ajitie hatarini namna hii? Msimamizi akaingia ofisini, akapiga simu kwa tajiri. Alipotoka, uso ulikuwa umelegea.

"Haya. Zamu. Lakini mshahara nao nusu."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nusu ni nusu, na bei ya unga haikatwi nusu. Ila hakuna aliyevua aproni kwa mara ya mwisho.

Zamu ya kwanza ya kazi ilimwangukia Cherehani. Alfajiri alimpitia Wifi, akamkabidhi mwanawe mchanga.

"Uji wake usiutie sukari nyingi, wifi yangu. Unamdekeza."

"Nimekudekeza wewe, sembuse yeye! Nenda, umechelewa."

Wifi akamfunga mtoto mgongoni, akasimama mlangoni akimwangalia mke wa kaka yake akikata kona kwa haraka zake. Akajisemea, kaka yangu huyu, hata sijui alimpata wapi.