Tairi Lenye Meno Yote

Maji ya beseni yaligeuka meusi mara tu Mama alipokitumbukiza kitambaa. Hilo halikumshangaza. Kila Jumamosi asubuhi, wakati binti yake akifunga kreti za mikate nyuma ya pikipiki, yeye huchutama na kopo la rangi ya viatu akayapaka matairi yote mawili mpaka yang'ae. Majirani walicheka. "Mwalimu anaivalisha pikipiki viatu," walisema, naye aliwajibu kwamba chombo kichafu hubeba mikate michafu, na anayetaka kucheka anawe mikono kwanza.

Kilichomshtua kilikuwa chini ya maji. Aliposugua kitambaa alihisi chenga. Mchanga, alidhani. Akaokota chache akazisaga kwa vidole. Mchanga haupondeki; hizi zilipondeka, zikaacha weusi unaonata. Kipande kimoja kilikuwa kirefu kama ukucha. Akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mpira, na ubavuni mwake ulining'inia uzi.

Mama alikuwa na stashahada ya sayansi kimu, na nusu ya umri wake ilikuwa imeishia kwenye kufundisha wasichana kushona. Uzi aliujua. Huu haukuwa wa kitambaa chake cha pamba. Ulikuwa mkavu, mgumu, wa rangi ya kahawia. Umetoka ndani, kwenye mwili wa tairi lenyewe.

Akakikunja kile kipande. Kikakatika, kra, kama biskuti.

Hapo hapo akaikumbuka sketi. Kila mwaka, darasani, hutoa sandukuni sketi ambayo haijavaliwa hata siku moja, akawaambia wanafunzi waivute kiunoni. Lastiki hulia kra kra, inalegea, hairudi tena. "Mnaona?" huwaambia. "Lastiki haizeeki kwa kuvaliwa tu. Inazeeka hata kwa kukaa." Ameyasema hayo mpaka anaweza kuyasema usingizini. Na ameyasema juu ya sketi tu.

Pikipiki ile waliinunua kwa mstaafu mmoja aliyekuwa ameiweka stoo, imefunikwa shuka, tangu magoti yake yalipomkatalia kupanda. "Haijatembea hii," alisema mstaafu. "Tazama tairi, lina meno yote." Mama alichomeka kidole kati ya meno ya tairi, kikazama, akaridhika. Tairi kongwe alilolijua yeye ni lile lililoisha, laini kama upara. Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa amependekeza waipeleke kwa fundi kwanza aikague.

"Aikague nini?" alimjibu. "Fundi ni kama daktari wa meno. Ukimfumbulia mdomo, hakosi la kung'oa."

Basi haikukaguliwa. Ikapakwa rangi. Na kila nyufa zilipofunguka ubavuni, rangi ilizijaza, tairi likang'aa.

Mama aliinuka ghafla, beseni likapinduka, akaliacha linamwagika.

Kitinda alikuwa ameondoka punde tu. Alipakia kreti za mikate mpaka nyuma yake pakawa ukuta, akavaa kofia ngumu, akapiga honi mara moja ya kuaga. Mikate ile huipeleka kwenye maduka ya bondeni, na bondeni huendwa kwa njia moja: mteremko uliochongwa ubavuni mwa kilima, mwamba upande huu, upande wa pili hakuna kitu.

Mama akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita. Alikuwa anapiga mara ya tatu aliposikia kichwani sauti yake mwenyewe, kavu, ile ya darasani: "Simu ikilia ukiwa barabarani, iache ilie. Hata nikiwa mimi. Hata kama nimekufa, nitakungoja. Maiti haina haraka." Kitinda alicheka siku ile, lakini akashika. Mtoto aliyekuwa haambiliki, alipopata chombo chake akawa anasikia kila neno.

Akaiweka simu mfukoni. Huenda ile ya Kitinda inamtikisa pajani, kwenye kona.

Katika nyumba ya pili kutoka kwake aliishi mwenye pikapu ya kubebea magodoro. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa kuwa gari lake halijawahi kumpita hata kuku. Alikuwa anafunga kamba magodoro mawili.

"Baba, washa gari. Tunashuka mteremko."

"Mwalimu, hata salamu?"

"Kitinda amepanda tairi bovu. Washa."

Taratibu alimtazama usoni, akaiacha kamba ilivyo. Mama alikuwa ameshaketi, kile kipande cha mpira kimebanwa kiganjani.

"Leo jina lako liache nyumbani," alisema.

"Nimeliacha."

Na kweli alikanyaga. Magodoro yalirukaruka nyuma. Walipopita lori la kokoto, Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga hesabu isiyotoka: mzigo mzito, lami iliyokwishapata jua, mpira uliokufa. Yeye anajua lastiki hufanya nini ukiivuta huku umeipasha moto.

"Tairi limekuwaje?" Taratibu aliuliza.

"Limezeeka."

"Mbona juzi nimeliona linang'aa?"

Mama alikibana kile kipande kiganjani.

Kona ya kwanza palikuwa patupu. Ya pili pia. Kwenye ya tatu watu walikuwa wamejaa pembeni, migongo kwa barabara, wote wanatazama chini. Katikati ya lami kulikuwa na kreti ya plastiki ya buluu, imelala kifudifudi.

Kreti za mikate ni za buluu.

Taratibu alikuwa bado hajasimama sawasawa Mama alipofungua mlango. Akajipenyeza kati ya migongo. Watu wakapisha kidogo. Kulikuwa na mkokoteni umepinduka, kreti nyingine za buluu na chupa za soda zimepasuka, na mwanamume mmoja ameketi juu ya jiwe anatukana gurudumu lake. Mzima kabisa.

"Amepita msichana wa mikate?" Mama aliuliza.

"Amepita sasa hivi. Tumemwambia asimame atusaidie, kapunga mkono tu."

Akarudi garini.

Walimwona baada ya kona iliyofuata. Hakuonekana Kitinda, zilionekana kreti, na juu yake kofia nyeupe kama yai, na chini yake tairi. Mama aliliangalia tairi. Hakuangalia kitu kingine. Linazunguka, linang'aa. Halafu akakiona: kila lilipozunguka, ubavuni kulikuja kitu kimevimba, kikapotea, kikaja. Kama jipu.

"Piga honi," alisema.

Taratibu alipiga. Pikipiki ikaongeza mwendo.

"Tena."

Alipiga kwa muda mrefu, akawasha na taa. Kreti ziliyumba, pikipiki ikasogea kando, ikazidi kukimbia. Vioo vyake vilikuwa vimezibwa na mikate. Hawezi kuona ni nani. Anajua tu kuna gari nyuma yake lenye haraka.

"Mbona anakimbia, huyu?" Taratibu alisema. "Nimkaribie, nimpite?"

Mama alijua mbona. Ni yeye tena. "Magari yakikupigia honi mteremkoni, usisimame kubishana nayo. Kaza mwendo, tafuta mahali papana, uyaachie njia." Alimwambia hivyo uani, mikono kiunoni. Na mtoto anatii. Kila honi ilikuwa ni mama yake mwenyewe anamsukuma.

Mbele, barabara ilijikunja tena, na ukingoni hapakuwa na kizuizi, ila mawe yaliyopakwa chokaa.

"Acha honi," Mama alisema.

"Mwalimu..."

"Acha. Zima na taa. Punguza."

"Tutampoteza."

"Baba, rudi kwenye jina lako. Taratibu. Mwache aende."

Pikapu ikalegea. Kofia nyeupe ikasogea mbali, ikawa ndogo, ikaingia kwenye kona, ikafichwa na mwamba. Mama hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile: kukaa kwenye kiti, mikono mapajani, na kumwacha mwanawe apotee machoni. Gari liliteremka kwa mwendo wa jeneza. Alitega sikio. Alisikia injini, kamba ya magodoro inapiga bati, pumzi ya Taratibu. Alikuwa anangoja mlio mmoja tu, na kila ambapo haukuja, aliuogopa zaidi.

Walipotoka kwenye kona, kofia ilikuwepo. Iko mbali, lakini sasa inakwenda polepole. Hakuna anayemfukuza. Kreti zimetulia.

Bonde lilifunguka. Yakatokea maduka, na matuta ya kupunguza mwendo. Kitinda alipanda tuta la kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, na pale juu tairi likapasuka.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amepiga meza kwa kiganja. Sehemu ya nyuma ya pikipiki ikateleza upande, Kitinda akaburuta miguu yote miwili, kreti zikamfuata, na wote wakalala pamoja, yeye juu ya mikate.

Mama hakukimbia. Alishuka garini, akatembea. Alipofika, Kitinda ameshaketi, anajitazama goti lililochubuka.

"Mama? Umefikaje huku?"

"Kunja mguu. Kunjua. Tingisha vidole."

"Nimepona. Kuna mwendawazimu alikuwa ananipigia honi huko juu, karibu anitupe bondeni."

"Nilikuwa mimi."

Kitinda alimtazama, akatoa simu, akaona. "Ulinipigia."

"Nilipiga."

"Sikupokea. Wewe ulisema..."

"Nilisema. Umefanya sawa." Akaketi chini kwenye lami, kando ya mwanawe, mwalimu mzima, na gauni lake safi. Akafungua kiganja. Kile kipande kilikuwa kimeacha alama nyekundu. "Hiki nimekikuta kwenye beseni. Tairi lilikuwa limekufa, nami nilikuwa nalipamba."

Kitinda alitazama nyuma, kule mteremko ulikopanda kilimani na mawe yake meupe ukingoni, akautazama kwa muda mrefu, na rangi ikamtoka usoni kidogo kidogo.

Mwenye duka alitoka, akaanza kuokota mikate. Taratibu alileta pikapu karibu. "La nyuma tu ndilo limekwenda," alisema. "La mbele zima. Fundi atabadilisha moja."

Mama alichukua ncha ya gauni lake, akaitia mate, akasugua ubavu wa tairi la mbele mpaka weusi ukahamia kwenye nguo. Nyufa zikajitokeza, nyembamba, nyingi, kama mistari ya kiganja. Akamshika Kitinda kidole gumba, akakipitisha juu yake.

"Yote mawili," alisema. "Na breki, na mnyororo, na kila nati. Fundi aifungue yote, mimi nikiwa nimesimama pale."

Wakaipandisha pikipiki juu ya magodoro. Taratibu akawasha gari, Kitinda akaingia katikati. Mama hakupanda. Alizunguka pikapu, akachutama kwenye kila gurudumu, akakwaruza mpira kwa ukucha, akanusa.

"Mwalimu, hata mimi?"

"Hata wewe, baba. Zima gari kwanza."