Swali la Kibali

Wenzake darasani walimwita Kamanda, na jina likamkaa. Kabla ya kuja ugenini kusomea shahada ya biashara alikuwa meneja wa ghala la dawa, mwanamke wa kuamrisha malori na kugombana na madereva. Sauti yake ilifika mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti.

Mshauri wa ajira wa shule, bwana mpole mwenye tai isiyolegea, aliwafundisha wanafunzi wa kigeni mbinu moja tu. "Msianze na habari za kibali cha kazi," alisema. "Wafanyeni wawapende kwanza. Wakishawapenda, kibali watakihangaikia wenyewe."

Kamanda aliumeza ushauri ule mzimamzima. Akaomba kazi katika kampuni kubwa ya usambazaji, ile iliyoijengea shule maktaba. Akahojiwa kwa simu, akahojiwa ana kwa ana, kisha akapewa mchoro wa ghala aupange upya mbele ya mabosi. Wakaridhika, mmoja hata akamwuliza angependa kukaa mtaa gani. Alipokuwa anaaga, dada wa utumishi akadakia:

"Kibali cha kazi unacho, sivyo?"

"Nitahitaji mwajiri aniombee."

"Aa. Sisi hatuajiri wageni. Hatujawahi. Shule yenu inajua."

Shule inajua! Kamanda alitembea na maneno hayo njia nzima, viatu vya kuazima vikimbana vidole. Alimkuta mshauri ofisini akitafuna mkate.

"Ulijua?"

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai. Ulijua?"

Mshauri akapangusa makombo. "Nilijua ni vigumu."

"Vigumu, au haiwezekani?"

Bwana yule akageukia dirisha. "Tukiwaambia kila kitu mtakata tamaa. Halafu wale ni marafiki wa shule. Hatuwezi kuwahojihoji."

"Kwa hiyo mimi nimetumwa kuwapotezea muda marafiki zenu!"

Jioni alimpigia mumewe, aliyebaki nyumbani na binti yao. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama watoto, nakujua ukipandwa na mori. Usije ukavunja mlango wa watu."

"Sivunji kitu. Nitauliza tu."

Kampuni ileile ilipokuja kujinadi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kamanda aliketi mstari wa mbele. Meneja alieleza kwa madaha jinsi wanavyothamini watu wa mataifa yote. Kamanda akasimama.

"Mnaajiri wageni?"

"Tunakaribisha vipaji kutoka kila pembe..."

"Sijauliza mnakaribisha nani. Mnawaombea wageni kibali cha kazi?"

Meneja akamtupia jicho mshauri, mshauri akainamia viatu vyake.

"Kwa sasa, hapana."

Kijana mmoja wa kigeni akabeba begi lake akatoka. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka mstari wa nyuma wote ukabaki viti vitupu.

Mkuu wa shule alimwita Kamanda akamfokea. "Umetuaibisha mbele ya wageni wetu!"

"Na sisi ni nani, mkuu? Nimemwacha mwanangu kwa sababu mlisema milango iko wazi. Kumbe iliyofungwa mnaijua, na mnatuacha tugonge!"

Tangu muhula uliofuata kila kampuni iliulizwa swali hilo kabla ya kualikwa. Baadhi hazikurudi tena.

Kamanda naye alitupa mbinu ya mshauri jalalani. Akawa anapiga simu na kuuliza habari ya kibali kabla ya kitu kingine chochote. Wengi walimkatia palepale, akashukuru kujua mapema. Mwishowe mwenye kampuni ndogo ya malori ya chanjo akamjibu, "Wageni tunao, wafanyakazi wazuri tu. Niambie, umeme ukikatika ghalani, unaanza na nini?" Kamanda akavuta kiti, akaanza kueleza.

Kazi aliipata. Mshauri akimwona humpongeza kwa furaha. Kamanda humsalimia kwa adabu zote, lakini kumsamehe, bado.