Msimu wa Mzee Mafusho

Harufu ilipoanza hakuna aliyeijali. Jumba la wachawi linanuka, hilo halina mjadala. Kuna anayechemsha kwato, kuna anayeanika nyongo za mbuzi dirishani, na kuna yule wa ghorofa ya pili ambaye hajaoga tangu apewe joho, kwa madai kwamba maji yanamwondolea nguvu. Nguvu zenyewe mpishi wa jumba hakuwahi kuziona. Alichokiona ni shuka lake, na lile shuka ungeliegemeza ukutani lingesimama.

Bonde zima lilikuwa la wachawi. Majumba manne juu ya vilima vinne, na baraza moja la kuwatungia sheria, maana zamani walikuwa wakivamiana vyumbani. Huyu anaiba kanuni za mwenzake, yule anafungua mlango saa mbaya na paa linaruka. Ndipo baraza likaamua: mchawi akianza kazi kubwa, mlango wake unapigwa muhuri wa nta na haufunguliwi mpaka siku tisini zimalizike. Huo ndio msimu. Ndani anabaki yeye na mwanagenzi wake. Kuta zimerogwa zisipitishe sauti. Chakula kinapita kwenye kidirisha chenye vilango viwili, kimoja cha nje na kimoja cha ndani, na anayehitaji kitu anaandika kikaratasi.

Msimu huo aliyefungiwa alikuwa Mzee Mafusho, na mwanagenzi aliyeingia naye alikuwa binti wa mpishi.

Alikuwa binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, aliyekulia jikoni mle mle kati ya masufuria. Siku alipochaguliwa kuwa mwanagenzi, mama mtu alitembea kichwa juu wiki nzima na kuwachosha watu. "Mwanangu hatamenya viazi maisha yake yote," alimwambia mwoshaji vyombo, ambaye alikuwa anamenya viazi wakati huo na hakufurahishwa.

Siku ya sabini na mbili harufu ikabadilika. Mpishi aliijua, maana miaka ishirini na tatu amekuwa akinunua nyama na hadanganyiki. Ilikuwa tamu kidogo kwa mbele na chafu kwa nyuma, ikishika kooni kama mafuta yaliyoganda. Siku ya sabini na tano nzi walikuwa wamejaa kwenye kidirisha, wanene, wavivu, hata ukiwapunga hawaondoki. Siku ya themanini alikuta funza wawili juu ya kitambaa cha mkate. Aliwafinya kwa kidole gumba, akanawa mikono mara tatu, na bado akahisi kidole chake kinanuka.

Alikwenda kwa Mkuu wa Jumba. Mkuu alikuwa mzee mnene mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na ndani ya ndevu hizo mpishi aliweza kuusoma mlo wa asubuhi wote, yai na uji.

"Bwana Mkuu, kuna maiti chumba cha Mzee Mafusho."

"Mama, unadhani tulimwita Mafusho kwa sababu gani?" Mkuu alicheka, akajipaka mafuta ya waridi puani. "Hicho chumba kimenuka miaka arubaini."

"Hii siyo harufu ya dawa."

"Sahani zinarudi?"

"Zinarudi."

"Zote mbili? Tupu?"

"Tupu."

"Basi wanakula wawili. Maiti hali wali, mama. Nenda kapike."

Alirudi jikoni. Kesho yake, siku ya themanini na moja, mwoshaji vyombo aliamka na homa, na mpishi akaosha sahani mwenyewe. Ndipo alipoona. Kwenye sahani zote mbili vitunguu vilikuwa vimesukumwa pembeni, vimepangwa ukingoni kimoja kimoja, kwa ule ubishi aliokuwa akiukemea tangu mtoto ana miaka minne. Na Mzee Mafusho alikuwa mtu wa vitunguu hasa. Alivila vibichi, akakupumulia usoni.

Mpishi alikaa chini juu ya gunia. Sahani mbili, mlaji mmoja. Mwanawe alikuwa hai, na alikuwa amefungiwa na mfu.

Aliandika kikaratasi, akakificha chini ya mkate. *Mwanangu, uko salama? Nikutoe?* Jioni kikaratasi kikarudi. Upande wa pili palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wa binti yake: *Mzee anaomba chumvi, vibaba kumi.* Basi. Hata salamu hakuna. Na hiyo ilikuwa mara ya tatu chumvi kuombwa mwezi ule. Mpishi alipeleka, huku akijiambia kwamba mtoto amerogwa, au anaogopa, au kuna kitu kimemshikilia mkono.

Asubuhi ya siku ya themanini na mbili alivamia baraza la jumba. Wachawi saba walikuwa mezani wanakula kuku wake. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chenye manukato karibu na pua, wanakishusha ili watafune, wanakirudisha ili wapumue. Tafuna, pumua, tafuna, pumua. Hakuna aliyeacha kula. Hilo ndilo lililomchefua kuliko funza wote.

Aliwaeleza habari ya vitunguu. Wakasikiliza. Yule asiyeoga akakiri kwamba hoja ina uzito.

"Kwa hiyo Mafusho amekufa," Mkuu alisema, akachokonoa jino. "Inasikitisha. Lakini muhuri ni muhuri. Zimebaki siku nane."

"Mwanangu yuko mle ndani!"

"Na anakula. Umesema mwenyewe, sahani mbili."

"Mheshimiwa, angekuwa binti yako?"

"Tupige kura," Mkuu alisema, badala ya kujibu. "Wanaotaka sheria iheshimiwe?"

Mikono saba ilipanda, na ile mingine saba ikabaki imebana pua. Mmoja aliuliza kama kuku bado wapo.

Mpishi aligeuka, akatoka. Alishuka jikoni, akachukua shoka la kupasulia kuni, akapanda ngazi zile ndefu akihema. Kwenye ghorofa ya tatu ilibidi asimame na kutapika ndani ya ndoo ya majivu. Akajifuta kwa aproni, akapiga moyo konde, akaushukia mlango. Pigo la kwanza lilipasua nta. La nne lilipasua ubao. Kila pigo alikuwa akiita, "Nakuja, mama! Nakuja, mwanangu!" ingawa alijua hakuna sauti inayopita. La tisa likaung'oa mlango bawabani.

Harufu iliyotoka ilimsukuma nyuma. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo, na sitaki.

Ndani, taa zilikuwa zinawaka na vyombo vimepangwa kwa nidhamu. Chini ya meza palikuwa na zulia lililofungwa kwa kamba, limevimba katikati, na juu yake chumvi imerundikwa, chumvi safi ya jikoni, ile ile aliyoipima kibaba kwa kibaba kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye ncha ya zulia palitokeza kisigino. Kando ya kisigino, sentimita chache tu, palikuwa na kigoda. Na kwenye kigoda alikaa binti yake, nta puani, anakoroga chungu taratibu na kuhesabu kwa midomo.

Hakuwa amefungwa wala kurogwa. Aligeuka, akamwona mama yake na shoka, na uso ukamjaa hasira.

"Mama! Umefanya nini?"

"Mwanangu, nimekuja kukutoa..."

"Nani kakuomba? Nilikuandikia unitoe? Zimebaki siku nane, mama! Siku nane!"

"Lakini huyu... huyu ameoza."

"Alikufa siku ya sitini na moja, akiwa usingizini. Nifanyeje? Mwalimu akifa na kazi haijaisha, mwanagenzi anarudishwa kwao. Akiimaliza mwenyewe, anapewa chumba na joho. Nirudi nikamenye viazi?" Mkono wake haukuacha kukoroga hata mara moja. Mguu wake, kwa mazoea ya siku nyingi, ulikuwa umeegemea zulia lile. "Wala hanisumbui. Nimemzoea."

Wachawi walikuwa wameshafika mlangoni, wamebanana, vitambaa puani. Mkuu aliukanyaga ubao uliovunjika, akaingia. Hakulitazama zulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu, akanusa, macho yakamtoka.

"Peke yako? Siku ishirini na moja?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu. Mpaka mama alipovunja msimu." Sauti ya binti ilikatika, na machozi yakaanza kumtoka, ya kweli. Kwa mzee aliyelala miguuni pake hakuwa ametoa hata moja.

"Hebu subirini," alisema yule asiyeoga. "Sheria inasemaje? 'Asifungue mchawi, wala mwanagenzi, wala mgeni mwenye hadhi.' Mpishi hatajwi popote."

"Kweli kabisa!" Mkuu alikunjuka uso. "Panya akitoboa mlango, msimu unavunjika? Hauvunjiki. Upepo ukiuangusha? Hauvunjiki. Mlango huu haujafunguliwa na mtu. Leteni mbao na nta, binti aendelee."

Wakapongezana pale pale, juu ya maiti ya mwenzao. Mmoja alimwambia binti kwamba jumba halijapata mwanagenzi mwenye moyo kama huo kwa miaka mia. Binti alifuta machozi kwa mkono wa gauni, akacheka kwa raha, kile kicheko chake cha utotoni.

"Umesikia, mama? Wewe huhesabiki! Mungu wangu, nilishaogopa. Huhesabiki kabisa!"

Alisema kwa furaha tupu, bila ubaya wowote, na akanyoosha mkono wake usiokoroga ili mama aushike. Mkono ulikuwa mweupe kwa chumvi, na kucha zilikuwa na weusi wa kitu ambacho mpishi hakutaka kukijua.

Huyu ni mtoto aliyemsafisha kwa mikono mitupu. Alimfyonza kamasi kwa mdomo alipobanwa na mafua akiwa na miezi mitatu. Alilala kwenye matapishi yake mwaka wa surua, akaamka akambusu. Siku zote hizo, hata siku moja, hakuwahi kumwonea kinyaa. Hakujua kama inawezekana.

Mkono ulibaki hewani. Hata wachawi waliona.

"Mama," binti alisema, na kicheko kikaanza kufifia usoni. "Unanikunjia pua?"

Mpishi alitaka kusema hapana, ni harufu ya chumba tu. Angeweza. Lakini alikuwa ameshachoka na watu wanaosingizia chumba.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Wewe."

Akaliweka shoka chini, akatoka kabla hawajaleta nta.