Mtazame Machoni

Mimi ni mkalimani katika ofisi ya maombi ya hifadhi. Kazi yangu ina sharti moja: sema kilichosemwa, lako meza. Nimemeza mengi hadi tumbo limezoea.

Mwezi uliopita nilimtafsiria mama mmoja aliyekimbia kwao na mjukuu wake baada ya wanawe kuuawa. Alieleza yote ameinamisha macho, kwa heshima, kama watu wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa. Afisa wetu, tunayemwita Bwana Mihuri, akaandika: "Anakwepa macho. Mwongo." Ombi likakataliwa. Jamani, niliumia! Mama akakata rufaa, akapewa mahojiano ya pili na ya mwisho. Akikataliwa tena, yeye na mjukuu wanarudishwa kwao. Na wa kumsikiliza ni nani? Bwana Mihuri yuleyule, eti maafisa hawatoshi.

Basi nikavunja sharti. Nilimfuata yule mama kwenye korido, nikamwambia, "Mama, safari hii mtazame machoni."

"Mwanangu, nimkodolee macho mtu mzima kama nataka kumpiga?"

"Mkodolee tu, mama."

Kwa wiki mbili akafanya mazoezi na mjukuu, wakikaziana macho mpaka mmoja wao ashindwe kwa kicheko.

Siku ya rufaa ikaangukia siku ya mafunzo. Asubuhi tulikusanywa ukumbini, chai tele, mbele ya mwalimu wa mawasiliano baina ya tamaduni. Akaonyesha picha ukutani: watu wa kule alikotoka mama wakiinamisha macho ni heshima, si uongo.

Bwana Mihuri akashika kichwa. "Loo! Miaka kumi na moja sikujua!" Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari mara mbili.

Nilitaka kushangilia. Kisha nikakumbuka nilichomwagiza mama. Nikaomba ruhusa nitoke nimwahi. Mwalimu akatabasamu: asiyemaliza mafunzo hapati cheti, na asiye na cheti haingii tena chumba cha mahojiano. Nikakaa.

Saa nane mchana mafunzo yakaisha, na papo hapo mama akaingizwa, akaketi, akamkazia Bwana Mihuri macho bila kupepesa. Bwana Mihuri, cheti chake kikiwa mezani hata hakijapata fremu, akakunja uso.

"Huyu si wa kule," akaniambia. "Watu wa kule hawatazami hivi. Tumefundishwa leo."

Mh! Leo hiihii.

"Muulize, nani kamfundisha kunitazama hivyo?"

Nikatafsiri. Akinitaja, nimemwaga unga, na yeye rufaa imekwenda na maji. Nakiri niliogopa, na niliogopa kwanza kwa ajili yangu.

Yule mama, ambaye katika mahojiano yote mawili hakuwa amesema uongo hata mmoja, akanitupia jicho mara moja tu. Kisha akainamisha uso.

"Hakuna aliyenifundisha," akasema polepole, akitazama sakafu.

Nikatafsiri. Bwana Mihuri akachanua uso mzima. "Umeona? Sasa ndiyo anasema kweli!" Akavuta mhuri wa kukubali, akaugonga kwa nguvu hadi kalamu zikaruka.

"Anasemaje?" mama akaniuliza, bado hajainua macho.

Nikamwambia amekubaliwa. Hayo mengine niliona aibu kuyatafsiri.